Mgombea ameleta misaada ili kamati yetu ya huduma kanisani iigawe: tuipokee au tuikatae?

Mhudumu wa Kaya (muuliza swali)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Ninaongoza kamati ya huduma katika kanisa letu, yaani kundi la waumini wanaotembelea kaya zenye wagonjwa wa muda mrefu, wajane wasio na mtu wa kuwaangalia, na wazee wanaoishi peke yao. Kazi yenyewe haina makuu: tunafua, tunafagia, tunamsindikiza mtu hospitalini, tunakesha na mgonjwa ili anayemuuguza naye apate kulala. Fedha zetu hutoka katika sadaka maalumu ya kila mwezi, na kila tunachotoa huandikwa katika daftari ambalo husomwa mbele ya baraza la wazee wa kanisa.

Sasa ni majira ya uchaguzi. Mshiriki mwenzetu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa mtoaji mwaminifu na ambaye sina sababu ya kuitilia shaka imani yake, anagombea ubunge. Ameleta mablanketi mengi akiomba kamati iyagawe kwa kaya zilizomo katika daftari letu. Kila blanketi limo ndani ya mfuko wenye picha yake na rangi za chama chake. Mchungaji alimpa nafasi ya kuyatangaza katikati ya ibada, naye akasema maneno machache ambayo hayakutaja kura hata mara moja, lakini hakuna aliyekuwa ndani ya kanisa ambaye hakuelewa.

Kabla kamati haijakaa kulizungumza jambo hili, wahudumu wetu wawili walikuwa wameshapeleka mablanketi kwenye nyumba kadhaa. Katika nyumba mojawapo anaishi mama mzee ambaye tumemhudumia kwa muda mrefu. Alilipokea blanketi kwa mikono miwili, akaitazama ile picha, kisha akawauliza: "Sasa niambieni, wanangu, alama yake kwenye karatasi ya kura ni ipi, nisije nikakosea?" Mhudumu mmoja alimwelekeza. Mwingine alinipigia simu jioni ile ile akiwa amefadhaika, akaniuliza kama bado sisi ni kamati ya huduma ama tumegeuka kitu kingine.

Isitoshe, kamati yenyewe imeanza kupasuka. Wapo wanachama wa chama kingine ambao wamesema hawatagusa mablanketi hayo, na mmoja wao ameacha kwenda kwenye nyumba aliyopangiwa kwa sababu kijana mkubwa wa nyumba hiyo ni mpiga kampeni wa upande wa pili. Mgonjwa aliyelala mle ndani hana chama. Hili limeniumiza kuliko suala la mablanketi.

Naomba ushauri wa waliokomaa katika utumishi. Je, tuvipokee vitu hivi kwa kuwa wahitaji wanavihitaji kweli, au tuvikatae? Na je, kanisa likijitenga kabisa na siasa, linakuwa limetii Maandiko au limekimbia wajibu wake?

Mchungaji Mstaafu

Mpendwa katika Bwana, nakupongeza kwa kuuliza mapema, kabla jambo hili halijawa desturi. Nitajibu kwa kirefu kidogo, kwa sababu naona maswali yako mawili yana mzizi mmoja.

Tuanze na Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, na manung'uniko yakazuka. Tunaposoma habari hii tunapenda kukimbilia kwenye kuwekewa mikono kwa wale saba, tukapita haraka juu ya namna tatizo lilivyotatuliwa. Mitume hawakusema kwamba ugawaji ni jambo dogo la kidunia, wala hawakumkabidhi tajiri mmoja aliyekuwa tayari kuziba pengo kwa mali yake. Waliuita mkutano wote, wakautaka uchague watu waliosifiwa kuwa wema, na majina yote saba yaliyochaguliwa, kuanzia Stefano hadi Nikolao, ni ya Kiyunani. Maana yake ni kwamba kusanyiko liliweka ugawaji mikononi mwa watu ambao upande uliolalamika ungeweza kuwaamini. Hapo utaona kwamba swali la nani anagawa, kwa jina la nani, na mbele ya macho ya nani, lilikuwa swali la kiroho tangu siku za mwanzo za kanisa.

Paulo naye aliushika utaratibu huo huo. Alipokuwa akikusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, hakutaka kuusafirisha peke yake. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza kwamba ndugu aliyechaguliwa na makanisa alisafiri pamoja na Tito, ili mtu asije akawalaumu kwa habari ya karama ile, kwa kuwa walitaka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Ikiwa mtume alijiwekea ulinzi wa namna hiyo, sisi ni akina nani tuone kwamba nia njema ya mtoaji inatosha?

Ndiyo maana nakushauri usianze kwa kupima moyo wa mgombea. Moyo wake Mungu anaujua. Mwangalie aliyepokea. Mama yule aliposhika blanketi, je, alibaki huru kama alivyokuwa kabla hamjabisha hodi? Swali alilowauliza linajibu. Alijiona ana deni, na deni lenyewe alidhani linalipwa kwa kura. Mtu maskini huishi kwa kuhesabu nani amemtendea nini na atamrudishia vipi, na huko ni kulinda heshima yake. Basi anayempa kitu chenye picha ya mgombea anakuwa ameitumia heshima hiyo kumfunga.

Torati ilikuwa na hekima kubwa katika jambo hili. Kumbukumbu la Torati 24 inamwagiza mwenye shamba asirudi kuuchukua mganda aliousahau, wala asirudie matawi ya mzeituni akiisha kuutikisa. Yote yaachwe kwa ajili ya mgeni, yatima na mjane. Mjane huyo angeingia shambani na kuokota mwenyewe kama haki yake. Na Bwana wetu, katika Mathayo 6, anawakemea wanaopiga panda mbele yao wanapotoa sadaka. Sijui kama kuna panda lenye sauti kubwa kuliko picha yako mwenyewe iliyochapishwa kwenye mfuko ambao mhitaji atautumia miezi na miaka baada ya uchaguzi kwisha.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Mwendeeni ndugu huyo kwa upole, watu wawili au watatu wa baraza, mkamweleze kwamba kanisa litayapokea mablanketi kama sadaka ya mshiriki ye yote: bila mfuko, bila picha, bila kutangazwa, yakiingizwa katika akiba ya kamati na kugawiwa kwa kufuata daftari, hata kama ugawaji huo utafanyika baada ya siku ya kura. Akikubali, mshukuruni Mungu kwa ajili yake. Akikataa, atakuwa amewaambia mwenyewe mablanketi yale yalikuwa ya nini. Na yule mama arudiwe na wahudumu wote wawili, si mmoja, wamwambie waziwazi kwamba blanketi ni lake, kwamba hadaiwi kitu, na kwamba kamati itaendelea kumtembelea awe amempigia kura mtu huyo, mtu mwingine, au hakupiga kabisa.

Kuhusu kipaza sauti, soma Yakobo 2 pamoja na mchungaji wako, faraghani. Mtu mwenye pete ya dhahabu aliyekaribishwa mahali pazuri na maskini aliyeambiwa asimame pale, wote wawili walikuwa wameingia katika sinagogi moja. Wagombea wengine wa eneo lenu, wakija kuabudu, watapewa nafasi kama hiyo? Kama jibu ni hapana, basi madhabahu imekwisha kuchagua upande, hata kama hakuna aliyekusudia.

Sauti ya Amosi

Namheshimu mzee aliyetangulia, na sehemu kubwa ya aliyoyasema naikubali. Wasiwasi wangu ni kwamba makanisa mengi yataisoma nasaha hiyo, yaiondoe picha kwenye mfuko, kisha yapumzike yakidhani yamemaliza. Muuliza swali ana swali la pili ambalo halijaguswa: je, kujitenga na siasa ni utii au ni kukimbia?

Mimi naamini ni kukimbia, iwapo kwa siasa tunamaanisha namna watu wanavyotawaliwa na namna mali yao ya pamoja inavyotumika. Nabii Nathani hakumpelekea Bathsheba faraja na kumwacha Daudi na kiti chake, aliingia kwa mfalme akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Amosi alizungumza juu ya mizani ya udanganyifu sokoni na hukumu iliyouzwa langoni, na langoni ndipo mahakama ya siku zile ilipoketi. Mwaka 390, baada ya askari wa Kaisari Theodosius kuwaua maelfu ya watu katika mji wa Thesalonike, Askofu Ambrose wa Milan alimnyima ushirika mtakatifu hadi alipotubu hadharani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyegombea cheo, wala aliyempigia mtu kampeni, na wote waliingia katika siasa hadi kiunoni.

Tena, yupo mtu ambaye maandishi yake yanafaa sana kwa kamati kama yenu. Mwezi Aprili mwaka 1933, miezi michache tu baada ya Hitler kushika madaraka, mchungaji kijana wa Kilutheri, Dietrich Bonhoeffer, aliandika juu ya njia tatu ambazo kanisa linaweza kuikabili serikali. Ya kwanza ni kuiuliza serikali kama matendo yake ni halali na yanafaa kwa serikali. Ya pili ni kuwahudumia waliojeruhiwa na matendo hayo, hata wasipokuwa Wakristo. Ya tatu, kwa nyakati za hatari kuu, ni kulizuia gurudumu lenyewe na si kuwafunga vidonda tu wale waliokanyagwa nalo. Bonhoeffer aliilipia imani hiyo kwa uhai wake; alinyongwa katika kambi ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945.

Angalia sasa kamati yenu iko wapi. Mnafanya kazi ya njia ya pili kila wiki, na mnaifanya vizuri. Lakini ninyi mnaoingia katika nyumba hizo mnajua mambo ambayo hakuna mgombea anayeyajua: ni mgonjwa gani aliyerudishwa hospitalini kwa kukosa dawa, ni mzee gani ambaye malipo yake hayajafika, ni mjane gani aliyenyang'anywa nyumba na ndugu wa marehemu akashindwa kufungua kesi. Daftari lenu lina majina. Lingekuwa na safu moja zaidi ya kuandika sababu iliyoifikisha kaya hiyo hapo, mngekuwa na ushahidi ambao kiongozi ye yote, wa chama cho chote, angelazimika kuujibu. Kunyamaza huku mkijua yote hayo kunamsaidia aliyeko madarakani, awe nani.

Jambo moja tu nawatahadharisha. Kusema juu ya haki kunahitaji kutokuwa na deni kwa mwenye mamlaka. Kanisa lililokubali mablanketi ya mgombea litamwendeaje mwakani, akiwa mbunge, kumuuliza dawa zimekwenda wapi? Hapo ndipo hoja yangu na ya mzee zinapokutana.

Mwekahazina

Nitasema machache, kwa upande wa utaratibu.

Katika nchi nyingi sheria za uchaguzi zinakataza kumpa mpiga kura kitu chenye thamani ili kumshawishi, na anayekigawa kwa niaba ya mgombea anaweza kuhesabiwa kuwa mshiriki wa kosa. Huko Marekani, tangu mwaka 1954, kanisa lenye msamaha wa kodi halikuruhusiwa kisheria kumuunga mkono au kumpinga mgombea. Kwa hiyo, kabla ya hoja za kiroho, baraza lenu lipate kwanza maelezo ya sheria ya mahali penu kutoka kwa mtu anayeijua.

Pili, mshiriki anayegombea asifanywe kama mtenda dhambi. Mlei kuingia katika uongozi wa umma ni wito halali. Kanisa Katoliki, kwa mfano, katika sheria yake ya mwaka 1983, linawakataza makasisi kushiriki kwa vitendo katika vyama vya siasa, isipokuwa pale mamlaka ya kanisa inapoona ni lazima kwa ajili ya kulinda haki za kanisa au manufaa ya wote. Walei hawakuwekewa katazo hilo. Kinachotakiwa ni kwamba mtu ambaye ni mgombea, au mpiga kampeni wake, akae kando na ugawaji wa misaada ya kanisa hadi uchaguzi upite, na kanuni hiyo iandikwe ili imguse kila mmoja sawasawa. Kanuni iliyotungwa kwa ajili ya mtu mmoja huonekana kuwa chuki.

Mablanketi yaliyokwisha kutolewa msiyafuate. Yaandikwe katika daftari kama yalivyo, pamoja na jina la mtoaji, ili baraza lijue.

Shemasi

Naona ndugu wengi wamelijibu suala la mablanketi, lakini lile lililomuumiza zaidi muuliza swali limepitwa: mhudumu aliyeacha kumtembelea mgonjwa kwa sababu ya chama cha kijana wa nyumba ile.

Katika orodha ya wale kumi na wawili yumo Mathayo aliyeitwa kutoka meza ya ushuru, na yumo Simoni aitwaye Zelote, jina la wapenda taifa waliopinga utawala wa Rumi. Kwa wapenda taifa wa siku zile, mtoza ushuru alikuwa msaliti. Yesu aliwaita wote wawili, akala nao, akawaosha miguu usiku mmoja, na Injili haituambii kwamba aliwataka kwanza wakubaliane juu ya Kaisari. Alipoulizwa kuhusu kodi, tena kwa mtego uliotegwa na Mafarisayo pamoja na Maherodi, ambao wenyewe hawakuwa wa mrengo mmoja, aliomba aonyeshwe dinari, akauliza sura iliyo juu yake ni ya nani. Sarafu yenye sura ya Kaisari na irudi kwa Kaisari. Mwanadamu aliyelala kitandani, ambaye amebeba sura ya Mungu, anarudi kwa nani tukimwacha?

Kwa hiyo mhudumu huyo asiachwe hivi hivi kwa kuhofia kwamba atakasirika. Mwiteni, msikilizeni kwanza, maana huenda alitukanwa kwenye nyumba ile na hakusema. Pengine apangiwe mwenzake wa chama kingine waende pamoja. Nimeona jambo hili likifanyika: watu wawili waliokuwa hawasalimiani baada ya ibada walipangwa kumgeuza mgonjwa mmoja mzito kitandani, kazi ambayo haiwezekani bila mmoja kusema "sasa" na mwenzake kuitikia kwa wakati ule ule. Waliendelea kupiga kura tofauti, na hadi leo wanaendelea kumhudumia pamoja. Endapo mhudumu wenu atakataa kabisa, apumzishwe kwa muda, na nyumba ile ipewe mtu mwingine leo leo, kwa kuwa mgonjwa hawezi kusubiri sisi tupatane.

Na katika maombi ya kanisa, ombeni kwa ajili ya wagombea wote kwa majina yao. 1 Timotheo 2 inatuagiza tuwaombee wote wenye mamlaka, na barua hiyo iliandikwa wakati ambapo hao wenye mamlaka hawakuwa Wakristo.

Mhudumu wa Kaya (muuliza swali)

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Nimeyachapisha majibu haya na kuyapeleka kwenye kikao cha baraza. Wazee watatu wamekwenda kwa ndugu yetu. Alinyamaza kwa muda, akauliza kama kuna mtu aliyemlalamikia, kisha akakubali mifuko iondolewe na mablanketi yagawiwe baada ya uchaguzi. Mchungaji pia amekubali kwamba hakuna mgombea atakayepewa kipaza sauti ibadani, ingawa aliona ugumu, kwa sababu ndugu huyu amelisaidia kanisa katika mengi. Mhudumu aliyeacha kwenda kwenye ile nyumba bado tunazungumza naye, na nyumba yenyewe nimeichukua mimi.

Limebaki hili la Sauti ya Amosi. Wajumbe wamependa wazo la kuandika sababu za uhitaji katika daftari, na baadhi wanapendekeza tuwaalike wagombea wote wa eneo letu waje kujibu maswali yanayotokana na kaya hizo. Wengine wanaogopa kwamba tutakuwa tumekifungulia mlango kile kile tulichokifungia. Je, inawezekana kufanya hivyo bila kulichafua kanisa?

Sauti ya Amosi

Inawezekana, mradi mambo manne yazingatiwe. Mkutano usifanyike ndani ya ibada wala siku ya ibada, na mtu wa dini nyingine au asiye na dini ajisikie huru kuhudhuria, kwa kuwa dawa zikikosekana zinakosekana kwa wote. Wagombea wote waalikwe kwa barua moja yenye maneno yale yale, wakiwemo wale mnaodhani hawatakuja. Maswali yaandikwe mapema na kamati, machache tu, yatokane na daftari lakini yasitaje jina la mtu wala kuifanya nyumba yake itambulike. Siri ya mgonjwa ni amana, na hakuna haki inayotetewa kwa kumwanika anayeteswa. Mwisho, siku hiyo pasipokewe mchango wo wote kutoka kwa mgombea ye yote.

Maswali nayo yaulize jambo linaloweza kufuatiliwa. Mkiuliza, "Utawasaidiaje wazee?" kila mmoja atajibu vizuri. Mkiuliza, "Mzee ambaye malipo yake yamechelewa amwone nani, katika ofisi gani, na ninyi mtajuaje kwamba amehudumiwa?" mtasikia tofauti. Majibu yaandikwe, yasainiwe na waliojibu, yatunzwe pamoja na daftari la kamati. Atakayeshinda apelekewe nakala ya majibu yake mwenyewe baada ya kuapishwa, na kamati imwombe miadi.